Urefu na Upana

Mstatili ni umbo lililotuzunguka kila upande, nasi twalipita bila ya kulitazama. Mlango ni mstatili, na dirisha ni mstatili. Ukurasa huu usomao, ubao ulio mbele ya darasa, kitanda, kanga, bendera na kaburi, vyote vina pande nne na pembe nne zilizo sawa. Mwanadamu huzaliwa ndani ya mstatili, hujifunza juu ya mstatili, na mwisho wa safari yake hulazwa katika mstatili. Jambo litufuatalo hivi tangu mwanzo hata mwisho lastahili kufikiriwa angalau mara moja.

Kuujua mstatili hakuhitaji elimu nyingi. Mambo mawili yatosha: urefu na upana. Lakini mawili hayo yakutanapo huzaa la tatu, nalo ni uwiano, yaani urefu ni mara ngapi ya upana. Mlango wa ghala na mlango wa kabati huweza kupitana sana kwa ukubwa, na hata hivyo ikawa na umbo moja, kwa sababu uwiano wake ni mmoja. Ukubwa hupimwa kwa futi au kwa mita. Uwiano hauna futi wala mita, ni hesabu tupu. Ndiyo sababu picha ya mtu yaweza kuwa ndogo kama stempu nasi tukamtambua mara moja. Vipimo vyake vimepungua, bali uwiano wake umebaki.

Swali la insha hii ni hili: je, uko uwiano mmoja ulio mzuri kuliko wote? Wapo wanenao kwa sauti kubwa kwamba uko, na kwamba hesabu yake ni 1.618. Husema kuwa mahekalu ya kale, picha za wachoraji wakuu, na hata uso wa mtu mzuri, vyote viliumbwa au viliundwa kwa hesabu hiyo. Mimi nina shaka na usemi huo, na nataka wewe, msomaji, uwe mwamuzi. Wala uamuzi huu si mchezo wa darasani tu. Ukikubali kuwa uzuri una hesabu moja, umekubali pia kuwa kila kitu kilichoundwa kwa hesabu nyingine kina kasoro, na kwamba fundi wake hakuijua kazi yake. Hukumu nzito namna hiyo haifai kutolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa.

Shahidi wa kwanza yu mkononi mwako. Twaa karatasi ya kawaida ya A4. Urefu wake ni milimita 297, na upana wake milimita 210. Gawanya ya kwanza kwa ya pili utapata 1.414. Sasa ikunje katikati ya urefu wake. Umepata mstatili mdogo wa milimita 210 kwa 148 na nusu; gawanya tena, utapata 1.414 ile ile. Kunja mara ya pili na ya tatu, jibu halibadiliki. Karatasi hii ni kama ukoo ambao mwana humfanana baba kizazi baada ya kizazi. Siri yake ni kwamba 1.414 ndiyo kipeuo cha pili cha 2, na ni uwiano wa pekee ulio na tabia hiyo. Ukichora mraba na kukata ulalo wake kutoka pembe hadi pembe, ulalo huo ni mara 1.414 ya upande wa mraba.

Mwaka 1786 Georg Christoph Lichtenberg, aliyekuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, aliisifu karatasi ya namna hii katika barua yake. Miaka mingi ilipita kabla ya neno lake kuwa sheria ya kazi. Mwaka 1922 Wajerumani waliweka vipimo rasmi vya karatasi kwa juhudi ya mhandisi Walter Porstmann, na baadaye vipimo hivyo vikaenea katika nchi nyingi, yetu ikiwa mojawapo. Karatasi mama, iitwayo A0, ina eneo la mita 1 ya mraba. Ukiikunja mara 4 umepata A4. Faida yake ni kubwa. Mchoro wa karatasi kubwa huweza kupunguzwa ukaingia katika karatasi ndogo bila ya kukatwa ukingo wala kubakiza nafasi tupu, na mpiga chapa hukata karatasi ndogo kutoka katika kubwa bila ya kutupa kipande.

Sasa ilinganishe na fulskapu ya kuandikia yenye inchi 13 kwa 8. Uwiano wake ni 1.625. Ikunje katikati: utapata inchi 8 kwa 6 na nusu, na uwiano umeshuka hata 1.23. Ikunje tena: inchi 6 na nusu kwa 4, na uwiano umerudi 1.625. Hapa mwana hafanani na baba, bali mjukuu hufanana na babu. Si aibu kwa fulskapu, maana wajukuu wengi ndivyo walivyo. Lakini mpiga chapa atakaye kupunguza mchoro wake kwa nusu hatapata raha.

Walakini fulskapu hiyo ina jambo lake jingine. Badala ya kuikunja, ikate. Toa mraba wa inchi 8 kwa 8. Kitakachobaki ni mstatili wa inchi 8 kwa 5. Toa mraba wa 5 kwa 5. Kitakachobaki ni 5 kwa 3. Endelea hivyo, utapata 3 kwa 2, kisha 2 kwa 1. Tazama hesabu ulizozipata: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Kila moja, kuanzia 3, ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, alizionyesha katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202 kwa mfano wa sungura wanaozaana. Mtaliano huyu alijifunza tarakimu tutumiazo leo utotoni mwake katika mji wa Bugia, ulio sasa katika nchi ya Algeria. Ukigawanya kila hesabu kwa ile iliyoitangulia, majibu huyumba na kutulia kidogo kidogo: 1.6, kisha 1.625, kisha 1.615, kisha 1.619. Mahali yanapotulia ni 1.618. Mstatili wenye uwiano huo kamili, ukitolewa mraba, hubakiza mstatili mdogo ulio na umbo lile lile. Huo ndio uitwao mstatili wa dhahabu.

Basi tuwe waadilifu. Hesabu hii ina uzuri wake, na uzuri huo si wa kusingiziwa. Euclid, mwalimu wa jometri aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alieleza namna ya kugawanya mstari kwa uwiano huo, akautumia kuchora umbo la pande tano zilizo sawa. Lakini hakusema kuwa nyumba au picha ijengwe kwa huo. Mwaka 1509 mtawa Luca Pacioli alichapisha Venice kitabu alichouita uwiano huo kwa jina la kiungu, na michoro ya maumbo ndani yake ilichorwa na Leonardo da Vinci. Jina la dhahabu lilikuja baadaye sana, katika karne ya 19, huko Ujerumani. Mwaka 1854 Adolf Zeising alidai kuwa uwiano huo hutawala mwili wa binadamu na kazi za sanaa pia. Tangu hapo sifa zake zimekimbia mbele, na ushahidi umekuwa ukichechemea nyuma.

Shahidi mkuu aitwaye na wasifu wa 1.618 ni hekalu la Parthenon, lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo juu ya kilima cha Athens, Ugiriki. Huchora mstatili wa dhahabu juu ya picha ya uso wa hekalu hilo na kusema, tazama, limeingia. Kuchora mstari juu ya picha ni kazi rahisi. Mstari ukiwa mnene, na mchoraji akiwa huru kuchagua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, karibu uwiano wowote utakubali kuingia. Ushahidi wa jengo hutafutwa kwa kamba ya kupimia. Jukwaa lililobeba nguzo za hekalu lile lina urefu wa mita 69.5 na upana wa mita 30.9. Gawanya mwenyewe: utapata 2.25, yaani 9 kwa 4. Upana wa uso wa hekalu ukilinganishwa na kimo chake, kutoka jukwaani hata ukingo ulio chini ya pembetatu ya paa, ni 9 kwa 4 tena. Wajenzi wale walikuwa na uwiano wao, wakaufuata kwa uaminifu mkubwa. Haukuwa 1.618.

Tumwite shahidi mwingine, fundi aliyeandika siri za kazi yake kwa mkono wake. Andrea Palladio, mjenzi mashuhuri wa Italia, alichapisha mwaka 1570 vitabu vinne juu ya ujenzi. Humo alitaja maumbo 7 ya vyumba aliyoyaona kuwa mazuri. La kwanza ni duara, na la pili ni mraba. Yaliyobaki ni mistatili: ule ambao urefu wake ni ulalo wa mraba, ndio 1.414 ya karatasi yako. Ule wa mraba na theluthi. Ule wa mraba na nusu. Ule wa mraba na theluthi mbili. Na ule wa miraba miwili. Fundi huyo, ambaye majumba yake yangali yakitembelewa na watu wa mataifa yote, hakutaja 1.618 katika orodha yake.

Hesabu kama 3 kwa 2 na 4 kwa 3 zilipendwa na wajenzi wa Italia kwa sababu ya muziki. Ukiubana uzi wa gambusi pale penye theluthi mbili za urefu wake, sauti itokayo hupatana na sauti ya uzi mzima. Kadhalika ukiubana penye robo tatu. Leon Battista Alberti, aliyeandika katika karne ya 15, alifundisha kuwa hesabu zinazolipendeza sikio ndizo zinazolipendeza jicho. Pengine alipita mpaka, kwa kuwa jicho halihesabu mitetemo kama sikio lifanyavyo. Lakini tazama: naye alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilimpeleka kwenye hesabu nyingine.

Yuko shahidi mmoja aliyejaribu kuwauliza watu wenyewe. Gustav Fechner wa Ujerumani aliweka mbele ya watu mistatili 10 yenye eneo sawa, kuanzia mraba hadi ule mrefu wa 5 kwa 2, akawaomba wachague ulio mzuri kuliko yote. Mwaka 1876 alitoa majibu: theluthi moja na kitu ya machaguo iliuangukia mstatili wa dhahabu, kuliko mwingine wowote. Wasimulizi wengi hufika hapo wakanyamaza. Mwamuzi mwema huuliza, na waliobaki? Waliobaki ndio waliokuwa wengi zaidi, nao walipenda mistatili mingine. Watu wa baadaye walipolirudia jaribio hilo kwa njia mbalimbali, majibu yao hayakupatana. Ikiwa macho ya watu yanapenda vitu vingi, si haki kulipa taji pendo moja na kuyaita mengine upofu.

Hata hapa nimesema habari za nchi za mbali, kwa kuwa madai yenyewe yalitoka huko. Sasa twende Lamu, maana hukumu niliyoihofia mwanzoni ingewaangukia mafundi wa kwetu kabla ya wengine.

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi asili yake ni karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu wa pwani, lakini boriti haiwezi kutandazwa kupita nguvu zake. Chini ya dari ya uzito ule ule, boriti ikipewa nafasi ya mara 2 kati ya kuta, mkazo wa kuipinda huwa mara 4. Kwa hiyo upana wa chumba haukufika mita 3. Urefu haukuwa na kizuizi hicho, kwa sababu boriti hupangwa moja baada ya moja kufuata urefu wa chumba, na fundi aweza kuendelea kadiri apendavyo. Ndipo vikapatikana vyumba ambavyo urefu wake huweza kuwa mara 3 ya upana, au zaidi. Palladio hakuwa na mstatili mrefu hivyo katika orodha yake, na mpenda dhahabu angeuita ushoroba. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni na Ghuba, zikaezeka nyumba za huko pia. Basi mti wa pwani yetu ukapima upana wa vyumba vya watu wasiopata kuiona pwani yetu.

Lakini ingia katika chumba cha namna hiyo. Upande mmoja mrefu hufunguka kuelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, nao huleta mwanga na hewa. Vyumba vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, kila kimoja na kivuli zaidi ya kilichokitangulia, na kila kimoja na faragha zaidi. Ukutani huko ndani zimepangwa safu za vidaka, ambazo watu wa Lamu huziita zidaka, zimetiwa nakshi ya chokaa, zikitulia machoni kama beti za utenzi. Umbo ambalo mti ulimlazimisha fundi kulijenga, yeye aliligeuza kuwa makao. Chumba kingekuwa kipana, mwanga wa kiwanda usingefika pembeni; kingekosa vidaka, ukuta ungekuwa mzito juu ya moyo. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kanga nayo itutolee ushahidi mfupi. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina lililoandikwa. Upana wake watosha kufunika kutoka kiunoni hata miguuni. Urefu wake watosha kuuzunguka mwili na kubakiza pa kufungia. Mstatili huo ulipimwa na mwili wa mwanamke, si na kitabu cha jometri, na hakuna aliyewahi kuiona kanga akasema imekosa ulinganifu.

Waweza kuniuliza, msomaji: je, wasema basi kuwa uzuri ni faida tu, na kwamba kila kitu kinachofaa ni kizuri? La, sisemi hivyo. Sanduku la shehena lafaa sana, wala hatulitundiki ukutani. Nisemalo ni kwamba mstatili mzuri una mapatano mawili. Pande zake zapatana zenyewe kwa zenyewe, na zote mbili zapatana na kazi zilizopewa. Karatasi yapatana na kukunjwa; chumba chapatana na boriti na mwanga; kanga yapatana na kiwiliwili. Mapatano hayo yakipatikana, hesabu hujitokeza yenyewe, na huwa moja hapa na nyingine kule. Kila mlango kwa ufunguo wake.

Hata 1.618 ina milango yake. Mjenzi Le Corbusier aliifanya msingi wa kipimo alichokitangaza katika kitabu chake, akianzia na kimo cha mtu wa mita 1.83, na kwa kipimo hicho akajenga jumba kubwa la makazi huko Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952. Mikononi mwake hesabu hiyo ilikuwa chombo, kama timazi au pembemraba. Chombo chema hakiwi kibaya kwa kuwa si chombo cha pekee.

Huenda miongoni mwa wasomaji wangu yumo atakayejenga nyumba, atakayeshona nguo, atakayechonga milango, au atakayepanga kurasa za gazeti. Siku moja atakuja mtu na kumwambia kuwa kazi yake haina uzuri kwa sababu haikufuata hesabu fulani. Asikubali upesi, wala asikatae upesi. Atwae kipimo. Nami nakusihi uanze leo, kwa kuwa kujifunza hakungoji kazi. Pima daftari lako, mlango wa darasa, kioo cha dirisha na meza uandikiayo. Gawanya urefu kwa upana na uandike jibu kabla ya kujua unataka liwe nini, maana atafutaye hesabu aipendayo huiona hata pasipokuwapo. Kisha ukiulize kila kitu maswali mawili: nani aliyekupa upana huu, na urefu huu wakusaidia kufanya nini? Baadhi ya vitu vitajibu mara moja. Vingine vitanyamaza, na hapo utajua kuwa fundi wake alinakili umbo la mwingine bila ya kufikiri. Usimcheke; chora lililo bora.